Hadithi ya Bibi Aliyezikwa

Siku hizo sheria ilikataza kifo kwenye vitabu vya watoto. Mwandishi Mwanaidi Shekilindi aliitii, mpaka mumewe alipofariki na binti yao Zawena akawa bado anamwandalia baba sahani kila jioni.

Kwenye kongamano la waandishi wa watoto, Mwanaidi alipanda jukwaani akasoma hadithi ya bibi aliyekufa akazikwa. Mtambo wa ukaguzi uliofungwa ukumbini, uliposikia neno "kufa", ukazima kipaza sauti. Akaendelea kwa sauti yake mwenyewe.

"Dada, shuka, utafungiwa kuandika!" mwenyekiti alimsihi.

"Nifungieni nikishamaliza."

Alimaliza, akafungiwa maisha. Nyumbani alimpakata Zawena, akamsomea ileile hadi mwisho. Mtoto aliitazama sahani ya baba.

"Kwa hiyo baba harudi. Na wewe mama, utakufa?"

Mwanaidi alimkumbatia. "Ndiyo, mwanangu."

Hapo, kwa mara ya kwanza tangu msiba, Zawena akalia.