Kiti cha Mto Mwekundu

Mwenyekiti Byabato alivuta kiti chenye mto mwekundu, akaupangusa mto kwa mkono wake mwenyewe. "Karibu uketi, ndugu yetu mpendwa."

Gwamaka hakuketi. Alichukua sahani yake ya pilau, akaanza kula wima. Wahitimu waliojaa ukumbi wa bweni wakamgeukia.

Bweni lao lilikuwa na mila yake: mwanafunzi mpya hula amesimama mpaka kaka wa bweni amruhusu kuketi. Wenzake waliruhusiwa baada ya wiki moja. Yeye, mtoto wa muuza mkaa, alikula amesimama miaka mitatu, na kaka wa bweni alikuwa huyuhuyu Byabato. Sasa paa la bweni limeoza, na Gwamaka ana viwanda viwili.

"Keti basi, unatuaibisha," Byabato alinong'ona.

"Leo ndiyo umeona nimesimama?"

"Ule ulikuwa utani wa ujana, ndugu yangu."

"Utani wa miaka mitatu?"

Byabato alitazama madoa ya maji darini. "Tusamehe. Bweni ni letu sote."

Gwamaka akatoa bahasha nene mfukoni, akaiweka juu ya ule mto, taratibu, kama mtu anayemketisha mzee.

"Mgeni mliyemwalika huyu hapa," alisema. "Mpakulieni."

Kisha akaendelea kula, wima, akitafuna bila haraka, na hakuna mkono uliothubutu kukigusa kile kiti.