Ugonjwa wa Siku ya Safari

"Hivi mama mkwe wako anaumwa kwa kalenda?" jirani aliwahi kumuuliza mshonaji, siku moja wakianua nguo. "Maana wewe ukifunga begi tu, yeye anafunga macho."

Mshonaji alicheka, akamwambia amwogope Mungu. Lakini swali lile lilimganda kama uzi mweupe kwenye nguo nyeusi. Asubuhi hii, begi limesimama ukumbini na teksi imeshaagizwa, swali lilirudi lenyewe.

Mume wake alitoka chumbani kwa mama, akarudisha mlango taratibu, akatikisa kichwa.

"Hali si nzuri."

"Jana si alikula akaongeza?"

"Jana ni jana, mke wangu. Leo hata kugeuka hawezi."

Hii ilikuwa safari ya tatu ya Vietnam kufia mlangoni. Ya kwanza iliuawa na kifua, ya pili na miguu, na tangu siku hiyo ya miguu mama hakushuka tena kitandani. Mshonaji ndiye aliyemwogesha na kumlisha. Cherehani aliihamishia ukumbini ili amsikie mama akigonga ukuta kwa fimbo yake. Sokoni alikwenda mbio mbio. Hata kwenye ibada alikaa karibu na mlango.

Na huko Vietnam alikuwako mdogo wake, mtoto aliyemlea mgongoni mama yao alipofariki, sasa mpishi wa hoteli ya ufukweni. "Njooni mpumzike, dada," alisema kwenye simu. "Chumba nimeshawaombea. Mkataba wangu unakwisha, nikitoka hapa sijui watanipeleka wapi, wala sijui tutaonana lini."

Mume hakuwa mtu wa kukataa. Yeye ndiye aliyepanga kila kitu, tena kwa mapenzi: ile ghuba yenye visiwa vya mawe, mashua ya kulala humo humo, baiskeli za kukodi, miavuli kwa ajili ya mvua za huko. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, alimwonyesha picha kwenye simu. Wageni wakija aliwahadithia kama aliyerudi juzi. Na safari ikivunjika, ni yeye aliyemfuta mkewe machozi.

"Ingekuwa mimi na wewe tu, tungeshakwenda na kurudi," alimwambia. "Lakini mama ni mama. Nifanyeje?"

Mwanamume anayemheshimu mama yake utamlaumu kwa lipi? Mshonaji hasira zake alizimalizia kwenye kanyagio la cherehani, mpaka sindano zikavunjika.

Ila jicho lake lilikuwa la fundi. Wiki hii, akifua gauni la mama, aliona pindo limeshika vumbi jekundu, lile la uani. Akainama chini ya kitanda. Ndala mpya alizomnunulia baada ya ile safari ya pili zilikuwa zimelika visigino. Ndala za mtu asiyetembea! Hakumwambia mtu. Alimwomba Mungu amwondolee dhana mbaya, lakini dhana ikajikalia tu.

Kisha jana pasipoti yake ikatoweka. Mume aliitafuta mpaka akaloa jasho. Alipindua makochi, akamwaga droo zote, akachungulia hata chini ya cherehani. "Kwa mama tu usiende kupekuapekua," alisema akihema. "Ukimgusa anaumia." Mshonaji hakuifuta teksi, akiomba pasipoti ionekane kabla ya asubuhi.

Sasa alikuwa amekwisha shika simu, anatafuta namba ya watu wa tiketi.

"Usilie. Tutakwenda mwakani."

"Mwakani mdogo wangu hayuko huko."

"Basi tutapanga kwingine," alisema mume kwa upole. "Kupanga ni kazi?"

Mshonaji aliingia kwa mama mkwe, akaufunga mlango nyuma yake. Dirisha dogo, harufu ya dawa ya kuchua, fimbo imeegeshwa ukutani pale pale ilipochimba rangi. Alikijua chumba hiki kuliko chake. Maneno aliyoyameza muda wote yalikuwa yamepanga foleni kooni.

"Mama," alisema, "gauni lako nalifua mimi. Ndala zako nimeziona. Unatembea. Nimekukosea nini, mama? Nakuomba pasipoti yangu."

Mama mkwe akaitupa shuka kando. Akasimama wima, fimbo hakuigusa, akainua godoro kwa mkono mmoja. Pasipoti ilikuwa pale, ingali na joto, imepinda kwa kulaliwa.

"Nilikuwa nangoja tu uniulize," alisema. "Mume wako ndiye aliyenipa, akasema nikiinuka kabla ndege haijaondoka nitafute pa kulala. Kama zile safari nyingine. Nimechoka kuumwa, binti yangu."

Akamtia pasipoti kiganjani, akavaa ndala zake, akafungua mlango.

Ukumbini mwanawe alikuwa bado kwenye simu, amewapa mgongo. "Ndiyo, ndugu yangu, ni mama yangu mzazi," alikuwa akisema kwa huzuni. "Nakwambia hata kugeuka hawezi."

Nje teksi ilipiga honi. Mama akalitwika begi kichwani, akapita mbele ya uso wa mwanawe, ndala zikipiga sakafu, akatoka kuelekea teksi.