Mtakatifu wa Wakili

Simu ilikikataa kidole cha baba kwa sababu kilikuwa kimejaa utelezi wa pilipili hoho tulizokuwa tumezichoma na sasa tukizimenya. Akainuka kwenda kunawa ili akabonyeze kulipa.

"Baba, matapeli walishakula sarafu zako za mtandaoni. Huyu anayetaka alipwe kwanza ndipo azirudishe ni mwenzao." Nimeyasema haya mpaka koo limekauka.

"Obrad ni wakili, tena Mserbia mwenzetu. Wewe kwako kila mtu mwizi."

Huyo wakili alikuwa bado hewani, kwenye spika, anatusubiri. Kila ukoo wa Kiserbia una mtakatifu wake wa kurithi. Nikaisogelea simu.

"Bwana Obrad, ukoo wenu unasherehekea mtakatifu gani?"

"Nikola."

"Umesikia?" Baba alikuwa anajisugua sabuni, uso umemchangamka. "Kama sisi."

"Na sikukuu yenyewe ni lini?"

Nikasikia kibodi ikigongwa upande wake. "Tarehe sita Desemba."

Hapa kwetu Waorthodoksi, hata mtoto wa chekechea anajua ni tarehe kumi na tisa. Sita ni ya Wakatoliki.

Baba akafunga bomba. Akaitazama mikono yake safi.

"Mzee wangu," simu ikabembeleza, "bado kidole tu."

Baba akarudi, akaketi, akaitumbukiza mikono yote miwili kwenye beseni la pilipili.