Kanga na Wingu la Kunguru

Zama zile ndege walipokuwa bado wanaaminiana, Kunguru alianzisha mchezo. Alipaa na yai la mwenzake, na kadiri alivyokwenda juu ndivyo malipo yalivyoongezeka. Mwenye yai akisema "tua" kabla Kunguru hajaingia winguni, hulipwa. Akichelewa, yai limeliwa.

Kanga alijaribu yai moja, akawahi, akalipwa mawili. Tamaa ikampanda, akambebesha Kunguru kiota kizima.

"Tua!" akaita mapema.

"Nimeshaingia winguni, dada."

"Mbona nakuona? Anga jeupe, hakuna wingu hata moja."

"Wingu naliweka mimi," alijibu Kunguru, akimeza yai la kwanza.

Kanga alilia njia nzima. Alipofika kwa jirani yake Kwale, akapangusa machozi.

"Shoga, niazime yai. Safari hii nitamwahi."