Jua la Kumi na Mbili Kasorobo

Kwa jioni ya tatu mfululizo wingu lilifunika jua, na kwa mara ya tatu Kafiya akairudisha kamera mkobani bila kupiga picha.

"Kesho tutarudi," alisema.

Wahome aliwasha pikapu. Kesho ingekuwa siku ya nne ya kumpandisha mlima ule, kwenye barabara ya vumbi inayoteremka kwenda Magadi, ambako mtu anaweza kukaa nusu siku asione gari lingine. Kila walipoikaribia ile kona yenye mwamba, alipunguza mwendo mapema kuliko ilivyohitajika. Na usiku, akiwa kitandani mwake Isinya, alijikuta kwenye kona hiyo hiyo.

Kamera ilikuwa ya marehemu mume wake Kafiya. Bishar alikuwa na studio Noonkopir. Alipiga picha za pasipoti na za harusi ili mwanawe Samsam na wadogo zake wapate kula, lakini moyo wake ulikuwa kwenye picha za nchi: mabonde, miamba, ng'ombe wakirudi boma jioni. Kila mwaka alitoa kalenda. Machi ya mwaka 2001 aliomba lifti kwenye lori la Magadi, akashukia pale kwenye kona, akasimama kando ya barabara kuvizia mwanga. Pikapu iliyobeba mayai ikamgonga.

Dereva alikuwa Wahome.

Hakukimbia. Hilo kila mtu alilitaja. Alimpakia Bishar, akamfikisha hospitali giza likiingia, kisha akajipeleka mwenyewe polisi. Alieleza kwamba ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo, kwamba alipozunguka kona jua lilimpiga machoni, hakuona mtu wala barabara, na kwamba Bishar alikufa papo hapo. Madereva wawili wa njia ile waliapa mbele ya hakimu kuwa saa hiyo jua la pale hupofusha. Akaachiliwa.

Kafiya alihudhuria kesi yote bila kufungua kinywa. Kilichomkosesha usingizi ni filamu. Aliposafisha ile iliyokuwa ndani ya kamera, hakukuta hata picha moja. Bishar alikuwa amesafiri mpaka huko kwa ajili ya mwanga, mwanga ukamfikia, naye asibonyeze hata mara moja? Shemeji zake walimwambia aache kujitesa.

Mwaka ulipotimia alikwenda Isinya, akamkuta Wahome akipanga trei za mayai. Alimwambia hakuja kwa ugomvi. Jua limerudi pale lilipokuwa siku ile, alisema, na alichotaka ni kukaa kwenye kiti cha dereva aone alichokiona yeye. Wahome alijitetea kuwa ana kazi. Mkewe, Ann, ndiye aliyemvuta kando na kumwambia ampeleke yule mama, kwa sababu hata yeye alikuwa amechoka kulala na mtu anayepiga kelele usingizini.

Siku ya nne Kafiya alitaka waondoke mapema, wafike saa tisa, asubiri vile Bishar alivyosubiri. Wahome alimwambia saa tisa hakuna mwanga wa maana. Walifika saa kumi na moja na nusu. Mbingu ilikuwa safi.

Wahome alisimamisha gari hatua chache kabla ya kona, akamwachia Kafiya kiti. Kafiya aliegemeza kamera juu ya usukani, akauliza Bishar alikuwa amesimama wapi. Wahome akamwonyesha. Kafiya akamwomba aende asimame pale pale.

Alikwenda. Chini kabisa ziwa la Magadi lilionekana jeupe, kama chumvi iliyomwagwa. Jua lilishuka taratibu mpaka likaingia kwenye pengo la mwamba nyuma yake, na mara barabara nzima ikawaka. Katika ukimya ule alisikia kamera ikibonyezwa, mara moja tu.

Mlango ulifunguliwa. Kafiya alikuja akitembea kwa kupapasa, mkono ukikinga macho. Alikuwa analia.

"Sikukuona," alisema. "Nilijua uko hapo, na sikukuona."

Wahome aliinamisha kichwa.

"Mwaka mzima nimekuita mwongo, Wahome. Sikusema kwa mtu, lakini moyoni nimekuita. Unisamehe. Na mimi nimekusamehe, Mungu akiwa shahidi."

Wahome aligeuka kulitazama pengo la mwamba.

"Niko na swali moja tu, halafu sitakusumbua tena," Kafiya alisema. "Ni kweli hakuumia?"

"Hakuumia, Mama Samsam. Ilikuwa mara moja tu."

Kafiya alishusha pumzi ndefu, akajifuta uso kwa ncha ya ushungi wake, akarudi garini kungoja apelekwe nyumbani.

Wahome alibaki amesimama. Bishar aligongwa saa tisa mchana, barabara yote ikionekana, dereva akiwa amesinzia. Kwa karibu saa tatu alilala hapo kwenye changarawe akiomba maji, na Wahome akawa amejifungia ndani ya pikapu, macho kwenye lile pengo la mwamba, naye akiusubiri mwanga.