Moshi Ndani ya Glasi

"Mvinyo huu una moshi, shangazi!" alisema mteja wa kwanza, pua imezama glasini.

"Tena moshi mtamu," mwenzake akadakia. "Kama nyama iliyobabuka."

Katriena, mwenye duka, alinusa glasi yake mara ya pili. Hakusikia harufu ya moshi, wala ya zabibu, wala ya chochote. Pua yake ndiyo iliyolijengea sifa duka lake la mvinyo mjini Paarl. Kila mvinyo mpya ulipofika, watu walionja huku wakimsubiri yeye aseme. Leo alijiuliza: Wananitania hawa, au wameshalewa?

"Mmepatia," alisema, akacheka nao.

Ndipo alipoona wingu la kijivu likipenya chini ya mlango wa jikoni. Kari ya kondoo aliyoiacha motoni! Alikimbia, akafunua sufuria. Nyama ilikuwa imegeuka makaa, na moshi ukamtoa machozi.

Aliinama juu ya sufuria, akavuta pumzi kwa nguvu zake zote. Akavuta tena; hakuna harufu.

"Shangazi!" walimwita kutoka dukani, glasi zikigongana. "Tumefungua chupa ya pili. Njoo utuambie hii inanukia nini!"