Indicator ya Upande wa Kulia

Indicator ya kulia ilikuwa inapepesa mbio mbio, kama jicho ya mtu amemwagiwa pilipili. Lewis aliizima, akaiwasha tena. Ikawa ni kama amezidi kuichokoza.

"Relay," akasema. Hiyo ilikuwa mara ya tatu tangu asubuhi. Relay mbili mpya, hivyo vidude vya kukatakata moto wa taa, zilikuwa zimeshafungwa na kufunguliwa tena.

Mwenye pikipiki alikuwa amekaa kwa jerikeni, mama wa miaka hamsini hivi, helmet mapajani. Pikipiki yake ilikuwa imejaa vumbi jeupe kutoka mudguard mpaka tenki, utadhani imelala ndani ya posho mill ya kusaga unga.

"Mlisema nusu saa," akasema. "Saa hii ni saa nane."

Jebet alikuwa pembeni na ndoo yake. Mwaka moja na nusu hapo Rhonda kwa garage ya Mzee Naftaly, na kazi ni ile ile, kuosha pikipiki. Si eti hakujua kazi. Kabureta ya yule mtu wa maziwa ni yeye alifungua, sifa akapewa Lewis. Lakini akishika tu spana, Mzee anasema, "Msichana, ndoo." Na wiki hiyo alikuwa amemwambia kingine: mwisho wa mwezi analeta pampu ya kuosha, na pampu haihitaji mtu wa ndoo. Kwa hivyo ilikuwa ni benchi ya mafundi ama nyumbani.

"Na wewe Jebet," Lewis akamrushia, "si upanguse viatu kwanza. Ulikanyaga unga wapi?"

Jebet aliweka ndoo chini.

"Hiyo si relay," akasema.

"Eti?"

"Kushoto inapiga pole pole, sawa tu. Kulia ndio inakimbia. Na relay ni moja, inafanyia pande zote mbili. Ingekuwa ni hiyo, zote zingekimbia."

Kipketer, yule fundi mwingine, akacheka mpaka spana ikamwanguka. "Profesa wa sabuni."

Mama alimwangalia Jebet kutoka juu mpaka chini. "Huyu naye ni nani?"

"Ni wa kuosha, mathe," Lewis akasema. "Usijali."

"Basi aoshe. Pikipiki yangu haiguswi na mtu wa sabuni."

Jebet alimgeukia Mzee Naftaly. "Mzee, nipe dakika kumi. Nikishindwa najitoa leo, hata usingoje hiyo pampu. Nikiweza niko kwa benchi, na ndoo utafutie mtu mwingine."

Mzee alijikuna ndevu. "Si umesikia mwenyewe amekataa."

"Nimekataa, ndio," mama akasema. "Lakini naona wewe ndio unashukuru nimekataa." Akainuka kwa jerikeni, akawageukia watu wa boda waliokuwa wamejazana kwa kivuli cha mabati ya stage yao. "Wanaume watatu, taa moja, tangu saa mbili. Sasa wanaogopa huyu msichana akiiona itapona. Ama mnaonaje?"

Stage nzima ikacheka. "Mpee, mzee," mmoja akasema. "Si ni dakika kumi tu."

Hapo Mzee hakuwa na pa kutokea. "Haya, dakika kumi. Na hawa wote ni mashahidi."

Jebet hakugusa relay. Hakugusa waya. Alichutama nyuma ya pikipiki, akaweka kidole kwa skrubu ya taa ya kulia.

"Angalieni hapa. Pikipiki nzima ni vumbi. Hii skrubu iko safi. Kuna mtu amefungua hii taa juzi juzi, na nyinyi hamjaifungua."

Akaifungua. Akachomoa balbu, akampa Mzee aisome. Mzee aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Wati tatu," akasema polepole.

"Hizo zingine ni kumi. Hii inawaka, ndio maana hamkuishuku. Lakini inakula moto kidogo, relay inaona ni kama balbu imeungua, inaanza mbio." Akaichukua kwa mkono wa Mzee, akaitia mfukoni, akatafuta ya wati kumi kwa droo, akafunga, akawasha.

Tik. Tik. Tik. Pole pole, kama dada yake wa kushoto.

Kipketer alikuwa ameokota spana na sasa alikuwa anaikagua kama hajawahi kuiona. Jebet alibeba ndoo, akaiweka karibu na miguu ya Lewis.

"Anza na tairi ya nyuma, boss."

Mzee Naftaly aliangalia watu wa stage. Wote walikuwa wanangoja mdomo wake. Akavuta stuli iliyokuwa nyuma ya benchi, akaipangusa na kitambaa chake mwenyewe. "Kutoka leo unakaa hapa," akasema.

Mama alivaa helmet bila kusema asante. "Ni bahati tu. Hebu nipande na yeye mpaka kwa kona nione kama haitarudia."

Jebet akapanda nyuma. Wakapiga kona, na mahali garage haionekani tena, mama akasimamisha pikipiki, akafungua helmet.

"Hapo kwa mtu wa sabuni nilizidisha?"

"Kidogo, auntie."

"Pole. Wasipochekwa hawasongi." Akanyoosha mkono. "Haya, nirudishie balbu yangu. Kesho niko Gilgil, kuna Cheruto ameosha pikipiki miaka mitatu."